Mficha Uchi Hazai: Lugha Yetu na Maradhi ya Tezi Dume

Wahenga walinena kuwa mficha uchi hazai. Sisi walimu huitumia methali hii kila siku darasani kuwahimiza wanafunzi waulize maswali, lakini ni mara chache tunaikumbuka mahali ambapo ingetufaa zaidi, yaani mbele ya mganga. Leo nimeazimia kuipeleka huko. Yapo maradhi yanayowapata wanaume wengi wa umri mkubwa, ambayo taaluma ya tiba imekwisha kuyaelewa vyema na ina njia za kuyatuliza, na ambayo hata hivyo yanaendelea kuwadhuru wazee wetu kwa kuwa hatuna, au twajifanya hatuna, maneno ya kuyasemea. Ninazungumzia kukua kwa tezi dume na taabu ya mkojo inayofuatana na kukua huko.

Yamkini msomaji atauliza mhadhiri wa isimu anatafuta nini katika uwanja wa madaktari. Nitamjibu kwa kisa kilichotokea nyumbani mwetu.

Baba yangu ni mwalimu mstaafu. Alifundisha Kiswahili katika shule za msingi za Pwani ya kusini kwa zaidi ya miaka 30, na sidhani kijiji kizima kina mtu anayemshinda kwa ufasaha. Miaka kadhaa iliyopita, alipokuwa akikaribia umri wa miaka 70, alikwenda katika zahanati moja akapokewa na mhudumu wa rika la wajukuu wake. Mzee akainamisha uso na kusema, "Mjukuu wangu, mkojo unanishinda." Binti yule naye, kwa adabu aliyofunzwa, hakumchunguza zaidi. Aliandika kwamba mgonjwa hawezi kuuzuia mkojo, akampa vidonge vya kutibu maambukizi, akamwaga kwa heshima. Mzee alikuwa na maana tofauti kabisa. Mkojo ulimshinda kuutoa.

Haikuchukua miezi mingi akaanza kulowesha kitanda usiku. Mama alizificha shuka. Sisi watoto, wote wasomi, tulisema ni uzee, tukanunua plastiki ya kutandika chini ya godoro na kujiona tumetimiza wajibu. Kisha siku moja mzee akashikwa na mafua, akanunua vidonge vya mafua dukani, akalala. Usiku ule hakupata hata tone. Kufikia alfajiri tumbo lilikuwa limevimba kama ngoma na mzee analia kwa maumivu. Hospitalini alitiwa mpira, ukatoka mkojo uliozidi lita moja. Kipimo cha damu kikaonyesha kwamba figo zilikuwa zimeanza kuathirika.

Daktari alinigeukia akaniuliza, "Mzee huyu amekuwa katika hali hii tangu lini?" Nami, mwenye shahada ya uzamifu katika taaluma ya lugha, sikuwa na la kumjibu. Katika nyumba yenye walimu watatu, hapakuwa na mtu hata mmoja aliyewahi kumwuliza. Namshukuru Mola kwamba mzee alitibiwa na figo zake zikapata nafuu. Lakini swali lile limebaki nami, na ndilo linaloniandikisha makala haya.

Kabla ya kuilaumu lugha, yafaa tuelewe mwili unavyofanya kazi. Tezi dume ni kiungo alichonacho kila mwanamume tangu kuzaliwa. Iko chini ya kibofu cha mkojo, nayo imeuzunguka mrija wa kutolea mkojo kama pete inavyozunguka kidole. Kazi yake ni kutengeneza sehemu ya majimaji yanayobeba mbegu za uzazi. Katika ujana huwa na uzito wa takriban gramu 20, ukubwa wa ndimu ndogo hivi. Mwanamume anapovuka miaka 40, homoni za kiume huifanya ianze kukua tena taratibu. Inakadiriwa kwamba kufikia umri wa miaka 60 karibu nusu ya wanaume huwa na tezi iliyokua kwa namna hii, na idadi huzidi kupanda kadiri umri unavyosonga. Si wote wanaosumbuka. Aidha, ukuaji huu si saratani wala haugeuki kuwa saratani, ingawa mtu mmoja aweza kupatikana na hali zote mbili kwa wakati mmoja.

Taabu hutokana na mahali tezi ilipo. Pete inaponenepa, kidole hubanwa. Kibofu ni mfuko wa misuli, nacho hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi ili mkojo upite katika mrija uliofinywa. Misuli hiyo hukomaa kama mkono wa mpiga makasia. Hapo mzee huanza kuona mkojo unachelewa kuanza, unatoka kwa unyonge, unakatika na kuanza tena, na mwishoni unadondoka matone. Hizi ndizo dalili za kutoa. Lakini misuli iliyokomaa huwa pia na papara, hujikaza hata kabla mfuko haujajaa. Ndiyo maana mzee yule yule huenda msalani kila baada ya muda mfupi, hubanwa ghafla akiwa njiani, na huamka mara tatu au nne usiku. Hizi nazo ni dalili za kuhifadhi. Mtu asiyefahamu hudhani ni maradhi mawili yanayopingana, ilhali chanzo chaweza kuwa kimoja.

Miaka ikipita bila tiba, misuli huweza kuchoka. Kibofu hakimalizi tena kazi yake, na kila mara hubaki mkojo ndani. Mkojo uliotuama hukaribisha viini vya maradhi na waweza kufanya mawe. Shinikizo nalo huweza kurudi nyuma hadi kwenye figo. Mwishowe kibofu hujaa mchana na usiku, na mzee anapolala na misuli kulegea, kinachozidi humwagika chenyewe kama maji ya mtungi uliofurika. Hali hii aghalabu haina maumivu, na hapo ndipo ilipo hatari yake. Mzee huanza kulowesha kitanda, nasi tunasema amerudi utotoni, kumbe mwili unatoa ilani ya mwisho. Ikitokea sababu ndogo ya kuubana zaidi mlango wa kibofu, kama vile baadhi ya dawa za mafua zinazokaza misuli ya mahali hapo au kukilegeza kibofu, mkojo hufunga kabisa. Huo ni msiba wa dharura usiongoja kupambazuke.

Sasa turejee kwenye lugha. Kiswahili, kama lugha nyingine za watu waungwana, kina tasfida nyingi katika uwanja huu. Twasema haja ndogo, kujisaidia, kwenda msalani, na wazee wa Pwani husema kutabawali. Sina nia ya kuzibeza tasfida hizi, kwani adabu ya usemi ni sehemu ya utu wetu. Hata hivyo, mbele ya mganga tasfida huweza kuficha jambo lile lile analolihitaji. Nitatoa mifano mitatu.

Mzee anaposema "mkojo unanishinda", tumeona kwamba kauli hiyo ina maana mbili zinazokinzana, kushindwa kuuzuia na kushindwa kuutoa. Anaposema "naenda sana haja ndogo", neno "sana" halibainishi kama anakwenda mara nyingi au anatoa mkojo mwingi. Tofauti hiyo si ya kisarufi tu. Mwenye tezi iliyokua kwa kawaida huenda mara nyingi na kutoa kidogo kidogo, ilhali mwenye kisukari kisichodhibitiwa hutoa mwingi kila aendapo, na dawa ya mmoja si dawa ya mwingine. Mfano wa tatu ndio unaonihuzunisha zaidi. Mzee husema "nguvu zimepungua", akikusudia nguvu ya mkojo wake, naye msikilizaji akadhani ni zile nguvu za kiume zinazotangazwa katika mabango ya barabarani. Basi huuziwa unga wa mizizi na kurudi nyumbani na tatizo lake pamoja na aibu mpya.

Jambo la kutia moyo ni kwamba madaktari wenyewe walitambua zamani kwamba kipimo cha kwanza cha maradhi haya ni maneno. Mnamo mwaka 1992 chama cha madaktari wa njia ya mkojo cha Marekani kilitoa orodha ya maswali saba, ambayo baadaye iliongezwa swali la nane na kukubalika kimataifa. Mgonjwa huulizwa kuhusu mwezi mmoja uliopita, na kila swali kati ya yale saba hupewa alama kuanzia 0 hadi 5 kulingana na wingi wa matukio. Nikiyaeleza kwa Kiswahili cha kila siku, maswali yenyewe yanahusu mambo haya. Je, baada ya kukojoa wahisi kwamba kuna mkojo uliobaki? Je, hulazimika kukojoa tena kabla ya saa mbili kupita? Je, mkojo hukatika na kuanza tena? Je, hupata shida kuuzuia unapobanwa? Je, hutoka kwa unyonge? Je, hulazimika kujikamua ili uanze? Na je, huamka mara ngapi usiku kwenda kukojoa? Jumla ya alama ni 35. Anayepata 0 hadi 7 husemwa kuwa na dalili hafifu, 8 hadi 19 za wastani, na 20 hadi 35 kali. Swali la nane huuliza mgonjwa angejisikiaje kama angelazimika kuishi hivyo maisha yake yote.

Tazama, msomaji, jinsi maswali hayo yalivyo wazi bila kuwa ya kifidhuli. Hakuna ndani yake neno moja ambalo mjukuu hawezi kumwuliza babu kwa heshima, akitanguliza shikamoo. Lililohitajika ni kuligawa lile neno kubwa, "mkojo unanisumbua", katika vipande vinavyohesabika. Hii ni kazi ambayo mwalimu wa lugha anaielewa, maana ndiyo tunayoifanya tunapomfundisha mwanafunzi kuandika insha ya maelezo.

Kipimo cha pili kinaweza kufanyiwa nyumbani kwa kikombe chenye alama na daftari. Kwa siku tatu mgonjwa huandika saa aliyokojoa, kiasi kilichotoka, na alichokunywa. Daftari hilo husema mengi. Likionyesha kwamba zaidi ya theluthi moja ya mkojo wa saa 24 hutoka wakati wa usingizi, huenda kinachomwamsha mzee ni mwili kutengeneza mkojo mwingi usiku, jambo linaloweza kutokana na moyo dhaifu, miguu inayovimba mchana, au chai ya jioni. Tezi isisingiziwe kila kosa.

Baada ya hapo daktari huuliza dawa zote anazotumia mgonjwa, zikiwemo za dukani na za mitishamba. Hulibonyeza tumbo la chini kuona kama kibofu kimejaa. Kisha huja hatua ambayo wanaume wengi huiogopa kuliko kisu chenyewe. Daktari huvaa glovu, hupaka kilainisho, na kuingiza kidole katika njia ya haja kubwa ili kuigusa tezi, kwa kuwa ukuta baina yao ni mwembamba. Huchukua muda usiozidi dakika moja hivi. Tezi iliyokua kwa kawaida huwa laini na nyumbufu, ilhali yenye uvimbe mgumu hutia shaka ya saratani na kudai uchunguzi zaidi. Nimewasikia wanaume wakiufanyia mzaha uchunguzi huu vijiweni. Mzaha huo umewazuia wengi kwenda hospitali, nao hauna mwanamume uliyemtibu.

Mkojo nao hupimwa ili kuangalia sukari, viini na damu. Damu katika mkojo isidharauliwe kamwe. Huku Pwani twaweza kuharakisha kusema ni kichocho, na mara nyingine ni kweli, lakini damu yaweza pia kuwa dalili ya mawe au ya saratani ya kibofu. Kipimo cha damu cha kreatinini huonyesha hali ya figo. Kipimo kingine cha damu, kiitwacho PSA, hupima protini inayotengenezwa na tezi dume, na hapa pana haja ya tahadhari. Kiwango chake huweza kupanda kwa saratani, lakini hupanda pia kwa tezi iliyokua tu, kwa maambukizi, na kwa mkojo uliofunga. Basi mwenye kiwango kikubwa asijihukumu kifo, wala mwenye kidogo asijitangaze mzima, bali wote wawili wazungumze na daktari.

Mahali penye vifaa, mgonjwa huombwa akojoe katika mashine inayopima kasi. Mkojo unaotoka kwa zaidi ya mililita 15 kwa sekunde huwa wa kuridhisha, na ule usiofika mililita 10 hutia shaka kwamba njia imeziba au misuli imechoka. Kisha kwa picha ya altrasaundi hupimwa kiasi kilichobaki kibofuni. Hiki cha mwisho hakiumi hata kidogo, nacho ndicho kingemwokoa baba yangu mapema. La ajabu ni kwamba ukubwa wa tezi si kipimo cha taabu. Tezi kubwa huweza kukaa kimya, na ndogo ikamkosesha mtu usingizi. Ndiyo maana hakuna picha wala mashine inayochukua nafasi ya maelezo ya mgonjwa mwenyewe.

Wala si kila anayegundulika hukatwa. Mwenye dalili hafifu huweza kushauriwa apunguze vinywaji vya jioni na kurudi kuangaliwa mara kwa mara. Zipo dawa zinazolegeza misuli ya mlango wa kibofu, nyingine hupunguza ukubwa wa tezi katika muda wa miezi kadhaa, na upo upasuaji unaopitia ndani ya mrija wenyewe pasipo kupasua tumbo. Uchaguzi hutegemea ukali wa dalili na hali ya kibofu na figo.

Nirudi kwenye eneo langu, la majina. Katika mazungumzo ya siku hizi utasikia watu wakinong'ona kwamba fulani "ana tezi dume". Kauli hii haina maana, kwani kila mwanamume anayo. Ni sawa na kusema fulani ana ini. Ubaya wake ni kwamba imeligeuza jina la kiungo kuwa jina la ugonjwa, na kwa wengi ugonjwa huo ni saratani. Mzee akiambiwa na daktari kwamba "ni tezi dume", husikia hukumu ya kifo, akatoroka. Wengine huiita tezi kibofu, na msikilizaji akadhani ni sehemu ya kibofu. Napendekeza tushike jina moja, tezi dume, kwa ajili ya kiungo, na tuyataje maradhi yake kwa majina kamili: kukua kwa tezi dume, maambukizi ya tezi dume, saratani ya tezi dume. Gharama ya neno moja la ziada ni ndogo mno ikilinganishwa na hofu inayoondolewa.

Neno tezi lina maana nyingine kwa mabaharia, nayo ni upande wa nyuma wa chombo. Hukohuko ndiko ilikotoka methali isemayo enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mgonjwa aliyekosa maneno ndivyo anavyohangaika. Huenda kwa muuza mizizi, akaenda dukani, akaenda kwa mwombezi, na mwishowe hurudi pale pale alipopaswa kuanzia, akiwa amebebwa.

Nani basi mwenye jukumu? Katiba yetu ya mwaka 2010 imekipa Kiswahili hadhi ya lugha ya taifa na lugha rasmi katika Kifungu cha 7, na katika Kifungu cha 43 ikampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Vifungu hivi viwili havijakutana bado katika chumba cha daktari. Mwanafunzi wetu wa kidato cha tatu huchora viungo vya uzazi katika somo la Baiolojia na kuviandikia majina yote kwa Kiingereza, akapata alama kamili, kisha akarudi nyumbani asiweze kumweleza babu yake hata kiungo kimoja. Elimu ya namna hiyo huishia kwenye karatasi ya mtihani.

Nawasihi walimu wenzangu wa Kiswahili watoe zoezi moja tu muhula huu. Waambieni wanafunzi wayaandike yale maswali saba kwa Kiswahili sanifu chenye adabu, kisha wayajadili darasani bila kucheka. Walimu wa sayansi nao wayataje majina ya viungo kwa Kiswahili, pembeni mwa yale ya mtihani. Vyuo vinavyowafunza wauguzi na matabibu viwafundishe kuuliza: "Unashindwa kuuzuia, au unashindwa kuutoa?" Swali hilo lina maneno machache na halihitaji mtambo wowote.

Nanyi wanafunzi, likizo inapofika, ketini na babu zenu. Amkieni kwa heshima, kisha ulizeni huamka mara ngapi usiku. Baba yangu sasa hujibu swali hilo bila kusita, na wazee wenzake wa barazani wameanza kuulizana wao kwa wao. Juzi alinisahihisha niliposema "haja ndogo". "Mwanangu," alisema, "nilikwisha kufa kwa neno hilo. Sema mkojo."